Tulipomwita Minani Kisimani

Ukifika mahali panapochimbwa kisima, usichungulie. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia vijana, hata kabla ya salamu. Simama mbali na ukingo, uliza kwa sauti kama kuna mtu chini, kisha subiri ujibiwe. Kokoto unayoisukuma kwa kidole cha mguu bila kujua, ikifika kule chini imekuwa risasi. Nina kovu hapa juu ya sikio. Aliyenipa ni mama mmoja wa Kasanda, mwenye roho nzuri kabisa, aliyekuwa ametuletea uji akataka kuona tumefika wapi.

Mimi naitwa Zakaria. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi kabla sijazaliwa, mimi nikawa Mtanzania, na nguvu zangu zote nimezimalizia kwenye visima vya mkono, Kasulu, Kibondo na vijiji vya katikati. Siku hizi nimestaafu. Hakuna aliyenistaafisha ila magoti. Jumapili ile vijana wa kwaya mliponikalisha kwenye benchi ili niwasimulie kazi, tulicheka sana, mpaka Jesca akauliza swali lake. Alisema, "Babu, mtu akiomba na kuomba na Mungu yuko kimya tu, ataendeleaje kumwamini?" Mimi nikajifanya nakohoa. Mlidhani ni kifua. Haikuwa kifua. Nilikumbuka kisima kimoja cha Kitahana. Basi Jesca, nitakisimulia. Kina woga mwingi, na sitaupunguza ili nionekane shujaa.

Lakini lazima nianze na kazi yenyewe, maana asiyeijua kazi hawezi kuuelewa woga wake.

Aliyenifundisha ni Mzee Gervas, Muha wa Kasulu, mtu mfupi mwenye mabega kama mlango. Nilimkuta Nyarugusu, wakati kambi ya wakimbizi inajaa watu na vyoo na visima vinahitajika kila upande. Mimi nilijiona najua kuchimba kwa sababu nilikuwa nalima. Akanipa sululu, akaniangalia dakika chache, akasema, "Wewe unapigana na udongo. Utachoka, wenyewe hautachoka." Akanionyesha kupiga kidogo, pembeni kwanza, halafu katikati unajibomokea wenyewe. Mgongo wangu umefika uzee kwa sababu ya somo lile.

Alinifundisha kibatari. Kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, unateremsha kibatari kinachowaka ndani ya ndoo mpaka chini kabisa. Kikizimika, na wewe utazimika. Hewa mbaya haina rangi wala harufu, inakulaza tu kama mtoto. Alinifundisha pia kwamba kamba yako unaikagua wewe mwenyewe, hata kama aliyeifunga ni ndugu yako wa tumbo moja. Na udongo mnaoutoa mnaumwaga mbali, kwa sababu ukiurundika ukingoni unabonyeza ukuta.

Alikuwa mtu wa sala. Kila asubuhi aliomba kabla ya kushuka, lakini akiwa amesimama, kamba mkononi, macho wazi. Nilimuuliza mbona hafumbi macho kama wengine. Akasema, "Ukifumba macho kwenye mdomo wa kisima, utamwona Mungu kabla ya zamu yako."

Makosa? Yapo mengi. Mjini Kasulu mfanyabiashara mmoja wa duka la vitambaa, Mzee Salumu, alinipa kazi ya kuchimba nyuma ya nyumba yake. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila mwalimu. Nilichagua mahali kwa sababu udongo ulikuwa laini sana, nikaenda chini kwa kasi, nikajisifu. Siku iliyofuata nikajua kwa nini ulikuwa laini. Lilikuwa shimo la zamani la choo, la watu walioishi hapo kabla yake. Mzee Salumu alisimama mbali, kanzu ameikunja mkononi, akasema kwa upole, "Fundi, nilikuomba maji." Mtaa mzima ulicheka. Tangu hapo, kabla ya kuchimba mahali popote huwa nauliza wazee wa mtaa nani aliishi hapo na alijisaidia wapi. Nanyi muulize.

Sasa udongo. Huku kwetu juu ni mwekundu, umeshikana vizuri, unakubembeleza. Unaweza kushuka mara saba urefu wa mtu na ukuta umenyooka kama umepigwa plasta. Lakini chini yake, mahali pengine, kuna mchanga mweupe unaomwagika kama sukari kutoka kwenye mfuko uliotoboka. Mara nyingi maji yako humo humo. Yaani pale unapoyapata unayoyatafuta, ndipo ukuta unapotaka kukufunika. Kwa hiyo tunateremsha pete za zege, moja juu ya nyingine, mchimbaji anakaa ndani yake, anachota mchanga chini, na pete zinazama taratibu kwa uzito wa zege. Ndani ya pete uko salama. Hatari ni ukuta ulio juu ya pete, ambao bado uko wazi.

Mzee Gervas alikuwa akisema siku usipoogopa, baki juu. Nilidhani anatania.

Kile kijiji cha Kitahana hakikuwa na maji. Akina mama walishuka bondeni kwenye kijito ambacho ng'ombe nao walikitumia, wakapanda tena na ndoo kichwani, mlima ule ule, kila siku ya maisha yao. Kanisani kwao sala ya maji ilikuwa ya kawaida kama sala ya kufungua ibada. Watu walikuwa wamezaliwa wakaikuta. Tulipofika, tulichimba shimo la kwanza tukagonga mwamba. La pili, mwamba. Walikuja kutuangalia kwa adabu, hawakutulaumu, lakini niliona mama mmoja mzee akichukua ndoo yake na kuelekea bondeni kabla hata hatujamaliza kukusanya zana. Hakushangaa.

Nilikuwa nafanya kazi na Minani, mume wa mdogo wangu Anastazia. Mtu mrefu, mwembamba, mcheshi kupita kiasi. Alikuwa akiimba akiwa kisimani, kwa sababu alisema sauti yake mbaya inakuwa nzuri huko chini. Anastazia alikuja naye Kitahana kutupikia. Walikuwa hawajapata mtoto bado, na jambo hilo nalo walikuwa wakiliombea.

Shimo la tatu lilikubali. Tulipita udongo mwekundu, tukafika kwenye mchanga, na mchanga ukaanza kutoka umelowa. Ndoo ya kwanza ya tope ilipofika juu, akina mama walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Wengine walilia. Mchungaji alichovya kidole kwenye lile tope akajipaka usoni. Tuliteremsha pete, na mchana wa siku iliyofuata Minani akashuka ndani yake kuchota mchanga. Mimi nilikuwa kwenye winchi ya mbao, navuta ndoo na kuteremsha. Alikuwa akiimba.

Ukuta ulibomoka upande mmoja, juu ya pete. Sikuona. Nilisikia mlio kama magunia ya mahindi yanayoshushwa kwenye lori kwa mpigo, halafu vumbi jekundu likapanda mdomoni mwa kisima kama moshi wa tanuri. Kamba ilikaza mkononi mwangu ikanichuna ngozi, kisha ikatulia. Nilivuta. Ilikuwa kama nimeifunga kwenye mlima.

"Minani!" niliita. "Minani!"

Hakuna kitu. Wimbo ulikuwa umekatika katikati ya neno.

Vijana, sijui kama mmewahi kuogopa mpaka masikio yakaziba. Nilikuwa naona watu wanakimbia na midomo yao inafunguka, lakini nilisikia damu yangu tu. Kilichonirudisha ni mkono wa Anastazia. Alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Yuko ndani ya pete au nje?"

Nikamwambia yuko ndani.

"Basi ana nafasi," alisema.

Alikuwa amesikiliza mazungumzo yetu ya jioni miaka yote ile. Nami nilijua jambo ambalo sikumwambia: ndani ya pete zile maji yalikuwa yanapanda. Yale yale tuliyoyaomba. Kama udongo haujamuua, maji yalikuwa yanakuja kummaliza.

Wanaume wa Kitahana ni watu. Ndani ya muda mfupi walikuwa wameleta nguzo za miti na mbao, hata mlango wa nyumba ya mtu. Nilishuka nikaegemeza ukuta kwa nguzo, nikaanza kujaza ndoo. Kila nilipojaza ndoo tatu, mbili zilimwagika tena kutoka ukutani. Mchanga ulikuwa ukiniingia shingoni taratibu, kama mtu anayeninong'oneza. Kule juu niliwasikia wakiomba, mchungaji akiongoza: Bwana, zuia mvua. Kwa sababu wingu lilikuwa limesimama upande wa Kibondo, jeusi, na kila mtu pale alijua mvua ikiingia kwenye kisima kilichobomoka kitatokea nini.

Mvua ikanyesha.

Haikuwa manyunyu. Ilinyesha kana kwamba tulikuwa tumeiita. Walinivuta juu kwa nguvu, na nilipofika nje ukuta ukashuka tena, ukafukia kazi yote tuliyofanya. Nikakaa chini kwenye tope. Nilijaribu Baba Yetu nikaisahau baada ya maneno mawili. Halafu, na hili sijawahi kulisema kanisani, nilimkasirikia Mungu. Nilimwambia moyoni: tumekuomba kitu kimoja tu, mawingu ni yako, na umeshindwa kuyazuia hata jioni moja. Sikupata jibu lolote. Mvua iliendelea.

Usiku huo sitausimulia. Ulipita.

Asubuhi, mvua ilikuwa imekatika, na wanaume tulisimama karibu na kisima. Tuliita tena. Kimya. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwema ambaye mlango ule ulitoka kwake, alinishika bega akanisogeza. Hakunisogeza mbali sana.

"Mzee Zakaria," alisema, "tukae kama watu wazima. Ule ukuta ukishuka tena tutazika wawili. Mimi nina watu wa hapa wa kuwaangalia. Tufukie, tuweke msalaba, hapa hapa pawe kaburi lake. Hakuna atakayekulaumu."

Nilimtazama mchungaji. Alikuwa amevua kofia. Usiku kucha alikuwa ameomba Minani atoke. Sasa alisogea ukingoni akaanza sala nyingine, ya kumwombea marehemu mapumziko mema. Watu waliinamisha vichwa. Nami, msinifikirie vibaya, nilisikia nafuu. Nilikuwa naogopa kurudi kule chini kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na hapa watu wenye heshima zao walikuwa wananipa ruhusa ya kutorudi.

Anastazia alikuwa ameketi juu ya rundo la udongo, kitenge kimelowa. Alimwacha mchungaji amalize mpaka amina. Kisha akaja kwangu.

"Kaka. Umemwona amekufa?"

"Hapana."

"Basi shuka."

"Anastazia, tumeita tangu jana."

"Nimesikia mkiita."

"Haitiki."

"Sikukuambia aitike. Nimekuambia ushuke, na kabla ya kuchimba umwite."

Mwenyekiti akajaribu kumwambia kwa upole kwamba Mungu ameshaamua. Alimjibu kwa heshima, bila kumwangalia usoni kama tulivyofundishwa, "Baba, huenda ameamua. Mimi hajaniambia. Siombi tena atoke leo, maana naona sala hiyo inawachosha. Naomba tu asikate tamaa kule alipo."

Watu walitazamana. Nilijua wanafikiria kichwa chake kimepata shida. Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini ukimwona mdogo wako anafunga kamba kiunoni mwake mwenyewe, kwamba usiposhuka wewe atashuka yeye, unashuka.

Tulibadilisha kazi. Tuliacha kuchimba wima katikati, tukakata ukuta wa juu ukawa mteremko, mpana kama shimo la matofali, ili usiwe na cha kubomoka. Ni kazi kubwa, inahitaji mikono mingi, na ilipatikana, mpaka wanawake wakapanga mstari na mabeseni. Mchungaji alivua viatu akaingia kwenye tope. Kila mara kabla ya kugusa beleshi niliweka mdomo karibu na udongo nikaita, "Minani! Minani!" Niliona aibu, kusema kweli. Nilikuwa kama mtu anayempigia simu mtu ambaye namba yake haipo. Sikuwa na imani yoyote. Niliita kwa sababu dada yangu alikuwa ananiangalia.

Jua lilikuwa limesimama kichwani beleshi lilipogonga mbao. Ilikuwa ile mbao pana tuliyokuwa tunakanyaga ukingoni tukivuta ndoo. Ilikuwa imeanguka ikalala juu ya mdomo wa pete, na jiwe juu yake, na udongo juu ya jiwe. Nilifukua kwa mikono mpaka ikaonekana nafasi pembeni, giza tupu, na hewa iliyotoka humo ilikuwa ya baridi na inanuka tope. Niliogopa kuingiza mkono. Niliogopa nitakachokigusa.

Nikauingiza. Maji. Nikaupeleka mbele kidogo, na kitu kikanishika kidole.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Wenzangu wanasema nililia kama mbuzi. Tulipoiondoa ile mbao alikuwa amesimama, mchanga umembana mpaka kifuani, maji yamefika shingoni, uso wa rangi ya majivu, macho yamefumbwa kwa mwanga. Mguu mmoja ulikuwa umekunjwa chini yake vibaya. Hakusema neno. Alipowekwa juu ya mlango wa mwenyekiti, Anastazia alimfuta mdomo kwa ncha ya kitenge, na hapo ndipo alipoanza kulia, kilio kile alichokuwa amekizuia tangu jana yake, mpaka akashikwa na kwikwi.

Msidhani baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Mguu wa Minani uliunga vibaya. Waliuombea sana, ukabaki hivyo hivyo, na hadi leo anachechemea kwenye kibanda chake cha asali pale Kibondo. Hakuweza tena kulala chumba kilichofungwa mlango. Kisima kile tulikifukia, na akina mama wa Kitahana wakarudi bondeni na ndoo zao kwa miaka mingine mingi, mpaka ilipokuja mashine ya kuchimba ikatoboa ule mwamba uliotushinda. Yule mama mzee aliyeondoka na ndoo yake hakuyaona maji hayo. Minani na Anastazia walimpata mtoto wakati tayari majirani wameacha kuuliza. Kwa nini maji yalichelewa hivyo, kwa nini mvua ile ilinyesha, sijui, Jesca. Nimezeeka na sijui. Mimi mwenyewe niliendelea kuchimba, na kila asubuhi niliposhika kamba niliomba huku naogopa, macho wazi.

Ila kuna mazungumzo fulani nataka uyasikie.

Ilikuwa baada ya Minani kutoka hospitali. Nilikwenda kuwaona nyumbani. Alikuwa amekaa mkekani, mguu umefungwa, Anastazia pembeni anachambua maharage. Tuliongea habari za mvua na bei za mbegu, tukaishiwa. Mwishowe nikauliza kile kilichokuwa kinanisumbua.

"Shemeji, tulikuita siku ile na kesho yake. Mbona hukuitika hata mara moja? Ulikuwa umezimia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo asilolielewa.

"Sikuzimia. Nilisikia kila kitu. Nilisikia mvua. Nilimsikia mwenyekiti akisema nifukiwe. Mchungaji aliponiombea nipumzike salama nilitaka kumwambia subiri kwanza." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Pale niliogopa, shemeji. Niliogopa mtaondoka. Maji yalikuwa hapa."

Aliweka mkono kwenye kidevu. Anastazia aliacha kuchambua.

"Lakini mbona hukujibu?"

"Nilijibu," alisema. "Mchanga ulinibana kifua, sauti ikawa inaishia kwenye meno, lakini kila mlipoita jina langu nilisema *ego*. Ndiyo, nipo. Kila mara. Ninyi mlikuwa mnadhani nimenyamaza, na mimi nilikuwa kule chini nashangaa mbona hamnisikii."